Ufahamu na Ufupisho: Safari ya Uongozi ya Edward Moringe Sokoine

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, mkoani Arusha, mwaka 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha Umbwe, Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa mbunge wa Masai, wakati ambapo Endulen na nyanda za Ngorongoro zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Masai. Alipanda ngazi hatua kwa hatua: mwaka 1967 akawa naibu waziri, mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na Februari 1977 Waziri Mkuu.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa mapato ya mazao vilikausha hazina ya nchi. Sokoine aliondoka madarakani mwaka 1980, akarejeshwa Februari 1983. Wakati huo sukari, sabuni na khanga viliadimika madukani, lakini vilipatikana kwa ulanguzi.

Mwaka huo huo Serikali iliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi. Wananchi wengi waliuunga mkono, kwa kuwa walikuwa wamechoka kupanga foleni. Hata hivyo, ukamataji ulianza kabla ya sheria yenyewe kutungwa. Bunge lilipoipitisha, sheria hiyo iliwanyima watuhumiwa dhamana na haki ya kuwakilishwa na wakili. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: pamoja na walanguzi wakubwa, walikamatwa pia wachuuzi wadogo. Tena msako peke yake haukuweza kumaliza uhaba, kwa sababu viwanda vilikosa malighafi na fedha za kigeni. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine.

Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa Monduli. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilipewa jina lake mwaka huo. Hadi leo hutajwa kuwa mfano wa uadilifu, na msako wake bado unatuachia swali: je, nia njema inatosha pale haki ya mtuhumiwa inapowekwa kando?

Maswali

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) ulanguzi (b) dhamana (c) wahujumu uchumi.

2. Taja sababu tatu zilizodhoofisha uchumi wa nchi kabla ya mwaka 1983.

3. Methali iliyotumika katika aya ya tatu ina maana gani? Ihusishe na msako wa mwaka 1983.

4. Kwa nini mwandishi anaona kuwa msako peke yake haukuweza kumaliza uhaba wa bidhaa?

5. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.

Mwongozo kwa mtahiniwa

Katika swali la 3, usiishie kueleza methali. Onesha ni nani "waliomo" na ni nani "wasiokuwamo". Katika swali la 4, jibu litoke kwenye kifungu, si kwenye habari ulizosikia nyumbani. Katika ufupisho, beba hoja za pande zote mbili: wananchi waliunga mkono msako, na haki za watuhumiwa zilibanwa. Mtahiniwa anayeandika sifa peke yake, au lawama peke yake, hupoteza alama kwa sababu ameacha nusu ya habari. Usiongeze maoni yako, na mwishoni andika idadi ya maneno uliyotumia.