FUNDI, UKUTA NA PICHA
Sayansi katika Kumchagua Fundi wa Nyumba

Katika miji ya Ruangwa na Nachingwea, na katika vijiji vinavyoizunguka, fedha za ufuta na korosho aghalabu hugeuka kuwa nyumba. Nyasi za paa huondolewa na bati kuezekwa. Sakafu ya udongo husakafiwa kwa saruji. Kuta hupigwa lipu na kupakwa rangi. Mwisho kabisa, nyumba ikiisha kupendeza, mwenyewe hutaka kutundika ukutani kitu cha kuitia uhai: picha ya marehemu mzazi, kinyago cha Kimakonde, au mchoro wa Tingatinga.

Kazi zote hizi huhitaji fundi, na hapo ndipo penye swali. Mtu asiyejua uashi wala useremala atamtambuaje fundi hodari kabla ya fedha zake kutumika? Wengi huamua kwa kuangalia bei, au kwa ufasaha wa maneno ya fundi mwenyewe. Vigezo hivyo viwili ni dhaifu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kazi ya fundi hodari imejengwa juu ya vipimo, na kwamba vipimo hivyo vinaweza kuthibitishwa na mtu yeyote aliyesoma fizikia na hesabu za sekondari.

Ukuta hupimwa kwanza

Fundi anayejua kazi yake haanzi kwa kupigilia msumari. Huanza kwa kuuliza ukuta umejengwa kwa kitu gani, kisha huugonga kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo. Lipu iliyoshikamana vema na tofali hutoa sauti fupi na nzito. Lipu iliyoachana na tofali hutoa sauti ya mtungi mtupu, kwa kuwa nyuma yake pana nafasi ya hewa inayoacha tabaka lile jembamba litetemeke. Msumari ukipigiliwa hapo, kipande kizima cha lipu huweza kubanduka.

Katika eneo la Ruangwa na Nachingwea zipo kuta za aina tatu kuu, na kila moja ina njia yake.

Ukuta wa miti na udongo hubeba mzigo kwa nguzo na fito zake, wala si kwa udongo. Msumari uliochomekwa katika udongo mtupu hulegea upesi, maana udongo ukikauka hunywea na tundu hupanuka. Fundi mzuri hutafuta nguzo mbili, akapigilia ubao mwembamba kutoka nguzo moja hadi nyingine, na picha ikaning'inia katika ubao huo.

Ukuta wa matofali ya kuchoma hushika vema msumari ulioingia katika tofali lenyewe. Katika maungio yaliyojengwa kwa tope msumari hulegea kama katika udongo.

Ukuta wa matofali ya saruji ni mgumu lakini huvunjika kwa mshtuko. Msumari wa kawaida hupinda au hupasua lipu. Hapa tundu hutobolewa kwa keke, likatiwa kizibo cha plastiki au cha mti mgumu, kisha skrubu ikazwe ndani yake. Skrubu inapoingia, kizibo hutanuka na kuusukuma ukuta pande zote, na msuguano unaotokea ndio unaoshika mzigo.

Uzito wa kitu kinachotundikwa

Swali la pili la fundi huhusu kitu chenyewe. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru na kufariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Wafuasi wake wengi huchora juu ya kitambaa kilichowambwa katika fremu. Hadibodi na kitambaa ni vyepesi. Mchongo wa mpingo ni jambo lingine kabisa.

Ichukuliwe mfano wa mchongo bapa wenye urefu wa sentimita 40, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 3. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,400. Densiti ya mpingo ni takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, na ndiyo maana mti huo huzama majini. Basi tungamo la mchongo ni takriban kilo 2.9. Mchongo wa umbo lilelile uliotengenezwa kwa mninga, wenye densiti ya kama gramu 0.6, ungekuwa na kilo 1.4 tu. Kwa macho ni sawa. Kwa msumari, mmoja ni mzigo maradufu ya mwingine.

Msumari ni wenzo

Msumari uliojitokeza ukutani ni wenzo ambao egemeo lake lipo kwenye uso wa ukuta. Picha ya kilo 6 ina uzito wa takriban nyutoni 60. Kamba ikikaa sentimita 1 kutoka ukutani, momenti inayojaribu kuung'oa msumari ni 60 × 0.01, yaani nyutoni-mita 0.6. Kamba hiyohiyo ikikaa sentimita 4 kutoka ukutani, momenti huwa 2.4, mara nne ya ile ya kwanza. Kwa hiyo fundi hodari huacha sehemu fupi tu ya msumari nje. Tena huupigilia kwa mshazari, kichwa kikiwa juu na ncha ikishuka ndani ya ukuta, ili kamba ielekee kuteleza kuusogelea ukuta.

Kamba iliyonyooka ni hatari

Watu wengi hudhani kwamba kamba ya picha ikikazwa sana ndipo picha inapokuwa salama. Ukweli ni kinyume chake. Picha ya nyutoni 60 ikining'inia kwa kamba moja iliyopita juu ya msumari mmoja, kila upande wa kamba huvutwa kwa kani ifuatayo, kulingana na pembe kati ya kamba na mstari mlalo:

Pembe 60° — nyutoni 35
Pembe 45° — nyutoni 42
Pembe 30° — nyutoni 60
Pembe 15° — nyutoni 116
Pembe 10° — nyutoni 173
Pembe 5° — nyutoni 344

Msumari bado hubeba nyutoni 60 tu. Lakini kamba iliyolala kwa pembe ya 5° pamoja na vishikizo viwili vilivyo nyuma ya fremu huvutwa kana kwamba kila kimoja kimebeba mzigo wa zaidi ya kilo 34. Hivyo fremu huachana kwenye kona, au kamba hukatika usiku, na lawama huangukia msumari usio na kosa.

Jaribio. Mwalimu atafute mizani mbili za springi, kamba na jiwe la kilo 1. Wanafunzi wawili washike mizani, jiwe likiwa limefungwa katikati ya kamba, kisha wasogee mbali polepole huku wa tatu akiandika vipimo kwa kila pembe. Itaonekana kwamba hata wakivuta kwa nguvu namna gani, kamba hainyooki kabisa.

Hesabu iliyomo mikononi

Zana za fundi wa mtaani huonekana duni, lakini kila moja ina kanuni ya sayansi ndani yake. Timazi, yaani kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi, huonyesha mwelekeo wa kani ya uvutano, na kwa hiyo huonyesha kama ukuta umesimama wima. Mpira mwembamba unaopenya nuru, uliojazwa maji, huonyesha usawa wa sehemu mbili zilizo mbalimbali, hata kama kona ya nyumba imo kati yake. Maji yaliyotulia husimama kwa kimo kimoja katika ncha zote mbili, mradi mpirani hamna viputo vya hewa. Na fundi anayepima sentimita 60 upande mmoja wa kona na sentimita 80 upande wa pili, kisha akatafuta sentimita 100 kati ya alama zake, anatumia kanuni ya Pithagorasi ingawa huenda hakuwahi kulisikia jina hilo.

Mwenye nyumba anaweza kumwomba fundi aonyeshe jinsi anavyopata usawa na kona mraba. Ombi hili si dharau. Fundi ajuaye hulifurahia, na asiyejua hujulikana papo hapo.

Kisichoonekana ndani ya lipu

Hasara kubwa zaidi hutokea pale ambapo jicho halifiki. Saruji haikauki kama nguo iliyoanikwa. Huganda kwa mmenyuko wa kikemia kati yake na maji. Lipu ikinyimwa maji mapema, mmenyuko hukatika na lipu hubaki dhaifu, ikichubuka kwa ukucha. Kwa sababu hiyo lipu hunyunyiziwa maji kwa siku 7 hivi, nayo nguvu ya saruji kwa kawaida hupimwa ikiisha kufikisha siku 28. Ni busara kungoja muda huo kabla ya kutoboa matundu na kutundika vitu. Zaidi ya hayo, unyevu wa ukuta mpya huvimbisha hadibodi na kuleta kuvu nyuma ya picha. Hata katika ukuta uliokauka, vipande viwili vidogo vya mti vikiwekwa chini ya fremu huacha hewa ipite, jambo lenye faida kubwa katika majira ya mvua.

Mchanga nao hupimwa. Ukitiwa katika chupa ya kioo pamoja na maji, ukatikiswa na kuachwa utulie kwa saa chache, mchanga hukaa chini na udongo laini hukaa juu yake. Tabaka la udongo likizidi kama asilimia 8 ya jumla, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Sasa iangaliwe bei. Mwenye nyumba na fundi wamekubaliana lipu ya ndoo moja ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga. Kazi yahitaji ndoo 40 za mchanga, basi saruji ni ndoo 8. Lakini mwenye nyumba amepunguza ujira hadi nusu na kumtaka fundi atoe vifaa mwenyewe. Fundi akichanganya moja kwa 8, atatumia ndoo 5 tu za saruji. Siku ya kukabidhi kazi, kuta hizo mbili hazina tofauti. Tofauti huja baada ya mvua za mwaka mmoja au miwili, fedha zimekwisha na fundi amekwenda. Ujira uliobanwa kupita kiasi hupunguza kwanza kile kisichoonekana. Ndiyo maana ya usemi kwamba rahisi ni ghali.

Kwa nini fundi wa mahali

Historia ya Nachingwea yenyewe ina onyo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikaleta matrekta na wataalamu kutoka ng'ambo. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu mno na kuzila zana za chuma, na mvua haikunyesha kama ilivyotarajiwa. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya zaidi ya paundi milioni 30 kupotea. Mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni ujuzi wa mahali.

Fundi aliyefanya kazi Ruangwa kwa miaka mingi anajua ni udongo upi hupasuka ukikauka, ni upande upi wa nyumba hupigwa na mvua, na mchwa hupandia wapi. Ujuzi huo una thamani, hata kama haukuandikwa. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1974 iliweka msingi wa majaribio ya ufundi yaliyopanga mafundi katika madaraja, na tangu mwaka 1994 kazi ya kusimamia ufundi stadi imekuwa ya VETA, yenye vyuo pia mkoani Lindi. VETA huwapima na kuwatunuku vyeti hata wale waliojifunza kazini kwa kuanza kama saidia fundi. Cheti ni ushahidi mzuri, lakini ushahidi mzuri zaidi ni kazi ya fundi iliyokwisha kupita majira ya mvua. Mwenye kuajiri aende akaione, aigonge, na azungumze na wenyeji wa nyumba hiyo.

Baada ya hapo makubaliano yaandikwe: kazi yenyewe, uwiano wa saruji na mchanga, nani ananunua vifaa, siku za kunyunyizia maji, na malipo kwa hatua, kila hatua ikilipwa baada ya kupimwa. Maandishi hayo humlinda mwenye nyumba asilipe mara mbili, na humlinda fundi asinyimwe haki yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ipo haja ya kuongeza kwamba asiyeupima ufa hawezi kuuziba vema.

MAZOEZI

1. Kinyago cha mpingo kina ujazo wa sentimita za ujazo 3,500. Tafuta tungamo lake, kisha eleza kingetundikwaje katika ukuta wa miti na udongo.
2. Picha ya nyutoni 40 inaning'inia kwa kamba yenye pembe ya 30° na mstari mlalo. Kila upande wa kamba huvutwa kwa kani gani?
3. Fremu ina pande za sentimita 45 na 60. Bila kutumia kipima pembe, utathibitishaje kwamba kona zake ni mraba?
4. Kusanya mchanga kutoka sehemu tatu zilizo karibu na shule. Upime kwa chupa na useme upi unafaa kwa lipu.
5. Mwombe fundi mmoja wa kijijini kwenu aonyeshe darasani zana zake tatu. Kwa kila zana, andika kanuni ya sayansi inayoifanya ifae.