MAWE YA KANDO YA NJIA
Somo: Mwanzo 28:10–22



Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, msafiri alipofika penye kilima au njia panda aliokota jiwe au tawi, akaliongeza juu ya chungu ya mawe ya waliomtangulia, akaomba afike salama. Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Ubaruku, dereva wa lori la mpunga, alituuliza: “Baba Mchungaji, babu yangu alifanya hivyo. Je, alikuwa mjinga?” Hatukumjibu kwa haraka, maana ndani ya swali lile ilikuwamo heshima ya babu yake.

Kwanza, tusiwacheke wazee. Walijua ya kuwa njia ina hatari, na ya kuwa mtu hawezi kujilinda mwenyewe. Yakobo naye, akimkimbia ndugu yake, alilala njiani na jiwe kichwani pake. Asubuhi akalisimamisha, akalitia mafuta.

Pili, tutazame tofauti. Yakobo hakuliomba jiwe. Mungu alikuwa amekwisha kusema naye katika ndoto, akamwahidi ulinzi po pote aendako. Yakobo alipoondoka, jiwe lilibaki. Mungu alikwenda pamoja naye.

Tatu, hofu hutafuta pa kushika. Tarehe 2 Julai 1505 Martin Luther alikuwa akirudi Erfurt. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilimpigia karibu, akamwita Mtakatifu Anna, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Mwaka 1917 jiwe la ukumbusho lilisimamishwa pale. Lakini baadaye Luther alifundisha ya kuwa twamwendea Baba kwa Kristo peke yake, wala ulinzi haununuliwi kwa nadhiri.

Basi tulimjibu kijana: “Babu yako aliomba, ingawa hakulijua jina la Yeye asikiaye. Wewe walijua. Je, waomba?” Akainama, akasema, “Mimi huwasha gari, nikaenda zangu.”

Ndugu, hapo ndipo penye hatari yetu: tumeyaacha mawe, tukayaacha na maombi. Kabla ya kushika barabara kuu kule Rujewa, kwenda Mbeya au Iringa, na tusimame kitambo, tujiombee sisi na wale tutakaopishana nao. Kisha tuendeshe kwa uangalifu, maana aombaye ulinzi na kukimbiza gari amjaribu Mungu.

Swali la kutafakari nyumbani: Katika safari yetu ya mwisho, tulimkumbuka Bwana wakati gani, tulipoondoka, au tulipoogopa?