Fildi katika kampuni changa: andikianeni kwanza

Kila unapokaribia msimu wa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama tulivyozoea, barua zetu za utambulisho huelekea milango ileile ya Kampala: benki kubwa, kampuni za simu, mamlaka ya kodi. Wengi hawajibiwi. Mimi nilikwenda Ntinda, kwenye kampuni changa ya watu sita iliyotengeneza programu ya hesabu za stoo kwa wauzaji wa nafaka, na nawashauri wadogo zangu waifikirie njia hiyo. Ila wajue wanachokwenda kuomba.

Ofisi ya watu sita haina mtu wa kukaa bure. Wiki ya pili nilipelekwa Kisenyi kushinda na muuza mahindi, nione anavyoandika mauzo. Programu yetu ilihesabu kilo. Yeye alihesabu magunia, na gunia la kununulia halikuwa sawa na la kuuzia, kwa hiyo hesabu haikulingana na stoo yake hata siku moja. Jioni nilieleza, kesho yake mimi na mwenye kampuni tulikaa kuirekebisha. Rafiki yangu aliyepata kampuni kubwa alikuwa akipanga mafaili. Lakini usimcheke: alikuwa na msimamizi rasmi, nauli ya kila mwezi, na barua yenye muhuri siku ya mwisho. Mimi vyote hivyo nililazimika kuviomba.

Hapa kinatufaa kisa cha Nabii Musa (a.s.) kule Madyan, Suratul Qasas aya ya 26 hadi 28. Alifika mgeni, hana kitu, akapata kazi kwa mzee mmoja ambaye mifugo yake ilinyweshwa na binti zake wawili. (Wafasiri wengi humwita mzee huyo Shuaib, Qur'ani yenyewe haikumtaja jina.) Sifa alizopendekezewa, nguvu na uaminifu, tunazisikia sana kwenye mawaidha. Aya inayofuata haisomwi sana. Mzee alitaja muda, miaka minane. Miwili ya kutimiza kumi akaiacha kuwa hiari ya Musa, si deni. Malipo yalijulikana, nayo ni kuozeshwa binti mmojawapo, na mzee akasema hataki kumtaabisha. Musa naye akaweka lake: muda wowote kati ya hiyo miwili akiutimiza, asidhulumiwe, na Allah ni shahidi. Walikuwa watu wema, mmoja wao nabii, na bado masharti yalisemwa kabla ya kazi kuanza.

Basi ukiambiwa "hapa sisi ni kama familia," furahi, kisha toa karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Karatasi yako iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la atakayetia saini daftari lako la mafunzo, nauli na chakula cha mchana ni juu ya nani, ruhusa ya swala ya Ijumaa, na kama kazi utakayoifanya unaweza kuionyesha kwa mwajiri mwingine. Ukurasa mmoja unatosha. Kampuni yenye pesa kidogo iandike hicho kidogo. Namjua mwenzetu aliyeahidiwa kwa mdomo "kitu kidogo" kila mwisho wa mwezi. Alimaliza miezi mitatu akidai, hana hata mstari wa kuonyesha.

Kabla ya karatasi hiyo, uliza kampuni inapata wapi pesa. Ziko kampuni changa zinazokopesha kwa simu kwa riba. Benki kubwa inaweza kukuweka mapokezi. Kwenye ofisi ya watu sita, hesabu ya riba utaiandika wewe kwa mkono wako, na onyo la Mtume (s.a.w.) halikumwacha mwandishi wa riba. Mwone sheikh kabla ya kukubali nafasi, si wiki ya nne.

Mkishakubaliana, nakala moja mpelekee mratibu wa fildi idarani, pamoja na namba ya simu ya ofisi na maelekezo ya kufika. Mhadhiri wa kukukagua pengine atakuja mara moja tu, na kampuni hizi huhama. Yetu ilihama jengo katikati ya Julai.