Baisikeli ya Umeme Ikigoma, Tuanze Wapi?

Ndugu Wanachama,

Baadhi yetu sasa tunazo baisikeli za umeme, na baisikeli ikigoma siku ya kupeleka magunia ya karafuu kituoni ni hasara ya wazi. Basi leo nataka kueleza niliyoyaona Kinampanda, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, nilipokwenda kumtazama mdogo wangu anayesoma chuo cha ualimu huko. Wenzetu wale hawana karafuu, wana alizeti; lakini gurudumu ni lile lile.

Mwenyeji wetu, mzee mkulima, alikuwa na baisikeli ambayo mota yake imo katika kitovu cha gurudumu la nyuma. Ilianza kutetemeka na kunguruma pasipo kwenda. Fundi mmoja alimwambia mota imekufa, anunue nyingine. Mzee alikwisha watenga mbuzi watatu wa kuuza, nao ndio waliokuwa ada ya binti yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuipime kwanza." Akasema, "Haya mwanangu, pima. Mnunuzi anakuja kesho."

Yafaa kujua yaliyomo ndani. Mna sumaku na nyuzi za shaba zilizosokotwa. Waya tatu nene huleta umeme kutoka katika kisanduku kinachoongoza mota. Waya tano nyembamba ni za vidude vitatu vinavyokiambia kisanduku sumaku zimefika wapi. Huitwa sensa za Hall, kwa jina la Mmarekani Edwin Hall, aliyeigundua kanuni yake mwaka 1879.

Sasa fuateni taratibu hii, gurudumu likiwa limeinuliwa juu.

Kwanza, betri. Betri ya volti 36 ikijaa huonyesha kama volti 42. Ikiwa imeshuka karibu na 30, ichajiwe kabla ya kulaumu kitu kingine.

Pili, breki. Nyingi zina swichi inayokata umeme unapofunga breki. Swichi ikinasa, mota haiendi kabisa. Chomoeni waya zake, mjaribu tena.

Tatu, waya nene. Zimeni umeme, chomoeni waya zote tatu, kisha zungusheni gurudumu kwa mkono. Mota yenye gia ndani izungushwe kinyumenyume, kwani mbele hujizungukia bila mota. Likiwa zito na la kushtukashtuka ilhali waya hazikugusana, zimeungua nyuzi za ndani au waya zimegusana penye ekseli. Likiwa jepesi, lakini likawa zito mara mkizirudisha waya kisandukuni, kisanduku ndicho kibovu. Mota mara nyingi huwa nzima.

Nne, waya nyembamba. Zirudisheni zote, washeni umeme, mpime kwa mita nyuma ya plagi. Baina ya nyekundu na nyeusi ziwepo volti karibu 5. Kisha pimeni kila moja ya zile tatu zilizobaki huku gurudumu likizungushwa polepole: mita ipande hata karibu 5 na kushuka hata karibu 0. Angalieni ncha za mita zisiunganishe waya mbili, msije mkaunguza kilicho kizima.

Tano, mota ikilia ndani na gurudumu lisiende, gia zake zimelika. Hizo hubadilishwa peke yake.

Kwa mzee yule, hatua tatu za kwanza zilikuwa salama. Katika ya nne, waya ya buluu ilikaa pale pale kwenye 5, haishuki. Tuliifuata mpaka penye ekseli, tukaikuta imekatika. Sababu yake ni nati iliyolegea: ekseli ilijizungusha katika uma wa baisikeli, ikaisokota waya. Tuliiunga kwa risasi, tukaifunga utepe, tukakaza nati pamoja na washa yenye jino linalozuia ekseli isizunguke. Gurudumu likaenda. Asubuhi mnunuzi alipofika, mzee alimkaribisha chai, na mbuzi wakabaki zizini.

Basi, ndugu zangu, kila wiki kazeni nati za ekseli, na waya ining'inie kidogo chini kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke nje. Na mkiambiwa mota imekufa, ulizeni imepimwaje. Haraka haraka haina baraka.

Wasalaam,
Katibu wenu