Terminali: Utayarishaji Wake na Uchunguzi wa Hitilafu Zake

Mwanafunzi aliyezoea kuhifadhi kazi yake kwa kubonyeza Ctrl na S kwa pamoja huweza, siku anapoanza kutumia Linux, kubonyeza vitufe hivyo ndani ya dirisha la terminali. Papo hapo maandishi husimama. Huchapa tena, na hakionekani kitu. Wengi hukata shauri kwamba kompyuta imeharibika. Hufunga dirisha au huzima mashine, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Kumbe hapakuwa na kilichoharibika. Amri ya kusimama ilitolewa, nayo ilitiiwa. Kubonyeza Ctrl na Q kungetosha kuyaendesha maandishi tena.

Makala haya yanaeleza jinsi terminali ya mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux, FreeBSD na macOS, inavyofanya kazi, jinsi ya kuitayarisha, na jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu zake. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: terminali ni mazungumzo ya pande kadhaa zinazopelekeana baiti, na karibu kila hitilafu yake ni kutoelewana baina ya pande hizo.

Asili ya terminali

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo mtu alizungumza na kompyuta kwa njia ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya. Mojawapo, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi. Kutokana na jina hilo, hadi leo Unix huita terminali kwa kifupi tty.

Baadaye karatasi ilibadilishwa kwa skrini. Terminali iliyopata sifa kuliko nyingine ni VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotolewa mwaka 1978. Skrini yake ilionyesha mistari 24, na kila mstari ulikuwa na nafasi ya herufi 80. Mashine hizo sasa zimo katika makumbusho, lakini tabia zake zingali hai ndani ya programu ziitwazo viigizi vya terminali. Kiigizi kiitwacho xterm kilianza kuandikwa mwaka 1984. Vingine ni GNOME Terminal, Konsole na Terminal ya macOS. Kila kimoja hufungua dirisha na kujifanya kuwa terminali ya zamani.

Urithi huo ndio unaoeleza kisa cha Ctrl-S. Kitufe cha Ctrl kikibonyezwa pamoja na herufi hutoa namba inayolingana na nafasi ya herufi hiyo katika alfabeti ya Kiingereza. S ni ya 19, Q ni ya 17, C ni ya 3. Katika mashine za Teletype, alama namba 19 ilisimamisha kisomeo cha utepe wa karatasi, na alama namba 17 ilikiendesha. Utepe umetoweka, maana ya alama hizo imebaki.

Safari ya herufi moja

Mtu anapobonyeza A, herufi hiyo haiendi moja kwa moja kutoka kibodi hadi skrini. Kiigizi huipokea na kuipeleka kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kerneli huikabidhi kwa programu inayosubiri, ambayo mara nyingi ni sheli, programu inayopokea amri za mtumiaji. Herufi inayoonekana kwenye skrini ni ile iliyorudishwa na kerneli, au na programu yenyewe. Hii ndiyo sababu neno la siri halionekani linapochapwa: programu imeiagiza kerneli isirudishe kitu.

Kazi ya kerneli hapa yaweza kufananishwa na ya karani wa masijala. Barua nyingi huzipitisha jinsi zilivyo, lakini nyingine ni maagizo yake mwenyewe. Akipata alama namba 3, huiletea programu ishara ya kuikatiza. Akipata alama ya kufuta, huondoa herufi ya mwisho kabla ya mstari kufika kwa programu. Maagizo yote anayoyafuata huonekana kwa amri hii:

stty -a

Programu kama vi, zinazotumia skrini nzima, humwomba karani huyo apishe ili zipokee kila baiti bila kuguswa. Zinapomaliza kazi humrudisha mahali pake. Programu ikifa ghafla kabla ya kumrudisha, ndipo taabu huanza.

Misimbo ya kuamuru skrini

Kwa upande mwingine, programu huamuru skrini kwa misimbo maalumu. Msimbo huanza na alama namba 27, iitwayo ESC, ambayo kwa hesabu ya kizio cha nane huandikwa 033. ESC ikifuatwa na [2J husafisha skrini, ikifuatwa na [31m hubadili rangi ya maandishi kuwa nyekundu, na [0m hurudisha hali ya kawaida. Amri ifuatayo huandika neno moja kwa rangi nyekundu:

printf '\033[31mHatari\033[0m\n'

Katika miaka ya 1970 kila kiwanda kilikuwa na misimbo yake. Ili programu moja iweze kutumika kwenye terminali nyingi, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika mwaka 1978 maktaba iitwayo termcap, ambayo ni kama kamusi ya misimbo ya terminali mbalimbali. Mrithi wake ni terminfo. Programu hutafuta katika kamusi hiyo kwa kutumia jina lililowekwa katika kigeu TERM. Jina likiwa la uongo, misimbo itakayotumwa itakuwa ya terminali nyingine.

Kuitayarisha terminali

Mambo manne yanahitaji uangalifu.

Kwanza ni jina. Amri echo $TERM huonyesha jina lililopo, kwa mfano xterm-256color. Kiigizi chenyewe ndicho kinachopaswa kuliweka. Si vema kuandika jina jipya katika faili ya .bashrc kwa nia ya kupata rangi nyingi, kwa kuwa jina hilo litabaki vilevile hata mtumiaji atakapoingia kwa kutumia terminali ya aina nyingine.

Pili ni usimbaji wa herufi. Siku hizi usimbaji wa kawaida ni UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Ndani yake herufi huchukua baiti 1 hadi 4. Herufi za Kiswahili zote huchukua baiti moja moja, lakini alama ya ritifaa katika neno ng’ombe, ikiandikwa kwa umbo lake la kupinda, huchukua baiti 3: 226, 128 na 153. Programu inayosoma kila baiti kama herufi kamili katika jedwali la Windows-1252 huonyesha ngâ€™ombe. Faili haikuharibika, imesomwa kwa jedwali lisilo lake. Amri locale huonyesha usimbaji unaotumiwa na programu, na amri locale -a huorodhesha mipangilio yote iliyopo katika mashine. Kiigizi na programu sharti vikubaliane.

Tatu ni umbo la maandishi. Katika xterm, mistari hii huandikwa katika faili iitwayo .Xresources:

XTerm*faceName: Monospace
XTerm*faceSize: 12
XTerm*saveLines: 5000

Mstari wa kwanza huchagua mwandiko wenye herufi za upana sawa, wa pili ukubwa wake, na wa tatu idadi ya mistari iliyopita ambayo itahifadhiwa ili isomwe tena. Baadaye hutolewa amri xrdb -merge ~/.Xresources. Madirisha yaliyokwisha funguliwa hayabadiliki. Ni lazima kufungua jipya.

Nne ni kiashirio cha sheli, yaani maneno yanayotangulia kila amri. Wengi hupenda kukitia rangi. Sheli ya bash huhesabu herufi za kiashirio ili ijue mstari utafika wapi ukingoni. Misimbo ya rangi haionekani, lakini bash isipoambiwa huihesabu kama herufi za kawaida. Matokeo yake, amri ndefu hurudi mwanzoni mwa mstari uleule na kuandikwa juu ya maandishi yaliyotangulia. Dawa ni kuizungushia misimbo alama \[ na \]:

PS1='\[\033[32m\]\w\$ \[\033[0m\]'

Hitilafu za kawaida na tiba zake

1. Skrini imeganda. Bonyeza Ctrl-Q kabla ya jambo lolote jingine. Asiyehitaji huduma hii aweza kuiondoa kwa amri stty -ixon.

2. Kinachochapwa hakionekani, ingawa amri zinatekelezwa. Programu imekufa bila kumrudisha karani kazini. Chapa stty sane, hata kama huioni. Huenda kitufe cha Enter nacho kikakosa kufanya kazi, kwa sababu hutoa alama namba 13, na kerneli imeacha kuigeuza kuwa namba 10 inayomaliza mstari. Katika hali hiyo bonyeza Ctrl-J, ambayo hutoa namba 10 yenyewe, kabla na baada ya kuchapa amri.

3. Herufi ndogo zimegeuka kuwa mistari na pembe, huku herufi kubwa na tarakimu zikibaki salama. Hutokea baada ya kuonyesha kwa amri cat faili isiyo ya maandishi, kama vile picha. Ndani yake mlikuwamo kwa bahati baiti zilizofanana na msimbo wa kuchagua seti ya herufi za kuchorea majedwali. Chapa reset. Amri hii hutengeneza pande zote mbili, kerneli na kiigizi, ilhali stty sane hutengeneza kerneli peke yake. Faili isiyojulikana ni heri isomwe kwa cat -v, ambayo huonyesha alama zisizochapika bila kuzitekeleza.

4. Kitufe cha kufutia huandika ^H au ^? badala ya kufuta. Baadhi ya viigizi hutuma namba 127, vingine namba 8, na kerneli inasubiri ile isiyotumwa. Bonyeza Ctrl-V kisha kitufe hicho ili ujue kinatuma nini. Ikionekana ^H, chapa stty erase '^H'.

5. Baada ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa ssh, programu hulalamika kwamba aina ya terminali haijulikani. Jina la TERM limesafiri, lakini kamusi ya huko haina jina hilo. Kwa muda waweza kutumia jina linalojulikana kwa wengi:

export TERM=xterm

Tiba ya kudumu ni kupeleka maelezo ya terminali huko kwa amri infocmp na tic.

6. Programu hutumia sehemu tu ya dirisha. Amri stty size hutaja idadi ya mistari na ya herufi kwa mstari jinsi kerneli inavyoamini. Hesabu hiyo ikitofautiana na dirisha lenyewe, ndipo penye kosa.

Utaratibu wa uchunguzi

Kuzikariri tiba hizi sita hakutoshi, kwa kuwa hitilafu ya saba haikosi kutokea. Lililo muhimu ni kuuliza maswali matatu kwa mpangilio. Kiigizi kinatuma baiti gani? Ctrl-V hujibu. Kerneli inazifanyia nini? stty -a hujibu. Programu inaamini kwamba inazungumza na terminali gani? echo $TERM na locale hujibu.

Kabla ya maswali hayo, fungua dirisha la pili na uache la kwanza lilivyo. Dirisha jipya likiwa zima, hitilafu ni ya hali ya muda tu, na reset yaweza kuiondoa. Likiwa na ugonjwa uleule, chanzo kimo katika faili za matayarisho, wala reset haitasaidia kitu. Jaribio hili dogo hugawa uwanja wa uchunguzi katika sehemu mbili. Tena hulinda kazi: dirisha likifungwa, kerneli hupeleka ishara ya kukatika kwa mawasiliano, na programu nyingi zikiipata ishara hiyo hufa papo hapo pamoja na yale ambayo hayajahifadhiwa.

Mwalimu afanye vema kuzisababisha hitilafu hizi kwa makusudi mbele ya darasa, kisha awaachie wanafunzi wazitibu. Mwanafunzi aliyekwisha kuigandisha terminali na kuifungua kwa mkono wake hatakimbilia tena swichi ya umeme.

Mazoezi

1. Bila kutazama jedwali lolote, taja namba itolewayo na Ctrl-D na ile itolewayo na Ctrl-Z.

2. Toa amri stty -echo, kisha chapa amri date. Eleza kwa nini majibu yanaonekana ilhali amri yenyewe haionekani. Rudisha hali ya kawaida.

3. Toa amri printf '\033(0' kisha chapa lqqk. Eleza ulichokiona, na urekebishe kwa printf '\033(B'. Je, stty sane ingetosha? Toa sababu.

4. Amri ndefu inajiandika juu yake yenyewe katika kila dirisha jipya. Je, chanzo kimo katika kerneli, katika kiigizi au katika faili za matayarisho? Eleza hatua zilizokufikisha kwenye jibu lako.