KUTIA DARI KATIKA BANDA LA MOTOKAA KWA FEDHA KIDOGO

Ziko nyumba nyingi nchini Kenya ambazo mabanda yake ya motokaa yamejengwa ubavuni mwa vyumba vya kulala, chini ya paa moja la mabati. Mara nyingi mwenye nyumba huishiwa na fedha kabla ya kulimaliza banda, kwa kuwa vyumba vya watu hutangulia, nalo hubaki bila dari kwa miaka mingi. Mchana mabati huwa moto kama kikaango. Usiku, hasa katika nchi za baridi kama Limuru na Kinangop, umande hufanyika upande wa chini wa mabati hayo, ukadondoka juu ya motokaa na juu ya magunia ya mahindi yaliyowekwa humo. Basi siku apatapo fedha kidogo humwita fundi seremala, na neno la kwanza amwulizalo ni bei ya bodi za dari. Ingekuwa vema zaidi apande ngazi kwanza, atazame juu ya ukuta.

Sababu yake ni hii. Katika nyumba nyingi za namna hiyo ukuta ulio kati ya banda na chumba cha kulala haufiki mpaka kwenye mabati. Hukoma mahali pa dari, na juu yake pana uwazi, mtu aweza kupitisha mkono, pengine hata kichwa. Motokaa ikishika moto usiku, moshi hupanda, hupita juu ya ukuta huo, na kuingia katika nafasi iliyo juu ya dari ya chumba ambamo watoto wamelala. Tena moshi huua kabla moto haujafika. Kwa hiyo fedha za kwanza, hata zikiwa kidogo namna gani, zitumike kununua mawe na saruji, ukuta huo uinuliwe mpaka uguse mabati, na matundu yaliyozunguka mbao za paa yajazwe udongo wa saruji. Kazi hii haionekani ikiisha kufanywa, wala hapana mgeni atakayeisifu. Hata hivyo, mtu asiyeweza kulipia ukuta na dari kwa pamoja afanye ukuta, dari ingoje.

Jambo la pili la kutazama ni paa lenyewe. Bati linalovuja lizibwe kwanza, kwa kuwa maji huharibu bodi za aina zote. Mbao za paa zichomwe kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mchwa au wadudu wanaobungua mbao wamekwisha kula, na mbao hizo haziwezi kubeba mzigo mpya. Nazo nyaya za umeme zipangwe na fundi wa umeme kabla bodi haijapandishwa. Ikiwa katika banda la zamani mna dari au paa la bodi ngumu za kijivu zilizofanywa kwa saruji na asbesto, zisivunjwe, zisikatwe kwa msumeno, wala zisitobolewe. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta saratani miaka 20 au 40 baadaye. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 iliziweka takataka za asbesto miongoni mwa takataka za hatari, na kuziondoa ni kazi ya watu walio na ruhusa.

Sasa ndipo ufikapo wakati wa kuchagua bodi. Watu wenye fedha kidogo hufikiri kwanza magunia yaliyoshonwa na kupakwa chokaa, au bodi laini za nyuzi za mti. Vitu hivi vyafaa ghalani, lakini juu ya tangi la petroli ni kuni zilizotundikwa. Plaiwudi nayo ni nzuri, bali bei yake ni kubwa na huwaka vilevile. Bodi ya jipsamu ndiyo ifaayo banda la motokaa. Karibu sehemu moja katika tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto hauna budi kuyakausha maji hayo kabla ya kupenya. Dari nyembamba ya jipsamu haiuzimi moto. Huuchelewesha kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo watu watumiazo kutoka nje. Udhaifu wake ni mmoja, haipendi kulowa.

Tuseme banda lina urefu wa futi 20 na upana wa futi 10. Bodi moja ina futi 8 kwa 4. Zikilazwa kwa kufuata urefu wa banda, safu mbili za upana wa futi 4 zitakula bodi 5. Utabaki ukanda wa futi 2 kwa 20, nao wahitaji bodi moja na robo. Basi zinunuliwe bodi 7, na robo tatu ya bodi itasalia. Bodi moja ya jipsamu yenye unene wa milimita 9 ina uzito wa karibu kilo 20. Hivyo dari nzima itaning'iniza kama kilo 120 juu ya vichwa vya watu, bila kuhesabu mbao.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hununua bodi nzuri, kisha hubania mbao, na fundi akitaka kumpendeza mwenye nyumba huziweka mbalimbali. Baada ya mwaka mmoja au miwili dari hufanya tumbo, misumari huchomoka, na bodi huanguka juu ya motokaa iliyokusudiwa kulindwa. Mafundi wa zamani wa Lamu walilielewa vizuri jambo la namna hii. Vyumba vya nyumba zao za mawe ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iwezayo kubeba sakafu ya juu, nao hawakubishana na boriti.

Kwa banda hili, mbao mbili za inchi 4 kwa 2, zilizosimamishwa kwa ubavu, zipitishwe kwa urefu wa banda, zikiugawa upana katika sehemu tatu zilizo sawa. Kila baada ya futi 4 zishikwe kwa kipande cha mbao kinachoshuka kutoka katika mbao za paa. Chini yake zipigiliwe mbao za inchi 2 kwa 2, zikikata upana, umbali wa inchi 16 toka katikati ya moja hata katikati ya nyingine. Zitahitajika mbao 16 za futi 10. Kipimo cha inchi 16 hakikuchaguliwa ovyo: inchi 96 za urefu wa bodi hugawanyika kwa 16 bila kubakiza, na kila mwisho wa bodi hupata mbao ya kulalia. Mahali ambapo kingo ndefu za bodi hukutana vipigiliwe vipande vifupi kati ya mbao na mbao. Uzi uvutwe toka ukuta hata ukuta kuhakikisha kwamba mbao zote zi sawa. Wako watu wapakao mbao oili chafu ya motokaa ili kufukuza wadudu. Desturi hiyo haifai hapa, kwa maana oili huongeza chakula cha moto.

Kupandisha bodi ni kazi ya watu wawili na mti wa kushikilia, yaani mbao iliyopigiliwa nyingine kichwani mfano wa herufi T, ndefu kupita dari kwa inchi moja. Misumari iwe ya kichwa kipana, iliyopakwa zinki isipate kutu, na ipigwe kila inchi 6. Nyundo ya mwisho iwe ya pole. Kichwa cha msumari kikiipasua karatasi ya bodi, msumari huo haushiki kitu tena. Maungo ya bodi yaweza kufunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao badala ya kupakwa plasta, na hapo fedha nyingi huokolewa bila hasara.

Katika kuta za nje, juu ya dari, yaachwe matundu ya hewa yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Matundu hayo hupunguza joto na umande, lakini hayaondoi mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni; kwa ajili yake uachwe uwazi chini ya mlango wa nje. Ile robo tatu ya bodi iliyosalia ilazwe mahali pakavu pasipo unyevu wa sakafu, kwa kuwa haikosi siku ambapo msumari mmoja wa bati utalegea na maji kupata njia.