Miamala ya Mwezi Mzima, na Mteja Anangoja Kaunta

Amekuja kuchukua mzigo, anasema alilipa 850 Jumanne iliyopita. Foleni inakua, nawe unateremsha taarifa ya miamala mstari kwa mstari. Hiyo si kazi yako; iachie Excel.

Kwenye menyu ya View, gandisha mstari wa juu ili vichwa visipotee ukiteremka. Kisha ficha safu wima usizozihitaji kaunta. Mimi ningebakisha nne tu: namba ya muamala, saa, jina na kiasi kilichoingia. Kuficha si kufuta, mhasibu wako atazipata zote. Sasa weka kichujio kwenye kiasi, chagua 850, na mistari itakayobaki utaihesabu kwa vidole. Linganisha namba ya muamala na ile ya SMS ya mteja, herufi kwa herufi. Usitosheke na SMS pekee, inaghushiwa kirahisi.

Faili ikikwamakwama, mara nyingi ni fomula na rangi zilizotandazwa hadi chini kabisa. Laha moja ina mistari 1,048,576! Ziishie pale data inapoishia, na kila mwezi uwe na faili yake.